Mwavuli Uani kwa Bi Mkubwa

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimefungua kontena bandarini lililoandikwa injini, nikakuta matairi yaliyokufa na paka aliye hai. Nimeibiwa gari, nikaenda mtaa wa Gerezani kutafuta vipuri, nikauziwa taa za gari langu mwenyewe, na nikazinunua, maana bei ilikuwa nzuri. Nimetoka Njombe na begi la nailoni na darasa la nne. Leo nina jengo la ghorofa nne Kariakoo, lifti ndani, na kila jiwe la jengo lile nimelinunua kwa bolti na nati. Nikasema basi, dunia imemaliza kunionyesha mambo yake. Kumbe kulikuwa na bibi mmoja nyuma ya ukuta wangu.

Jina lake silitaji, na kusema kweli sijawahi kulitamka. Mtaa mzima tunamwita Bi Mkubwa. Watu wake ni Waarabu wa zamani wa hapa hapa, wale waliouza vitambaa na kahawa kabla baba yangu hajavaa viatu. Habari za ukoo siziingii. Ninachokijua ni nyumba yake: bati juu, kibaraza mbele, korido katikati, ua nyuma. Katika safu yetu ndiyo nyumba pekee ambayo haijageuka ghorofa. Kila mwenye fedha ameshaitolea macho, na mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Nilianzia kwenye kibaraza chake. Alinipa nafasi ya gunia moja nikapanga bolti zangu, yeye akiwa dirishani nyuma ya pazia. Kwa muda mrefu nilimjua kwa sauti tu. Ilikuwa sauti ya kuamrisha, nzito kidogo, na ilitoka kwenye pazia bila pazia kutikisika.

"We mtu wa bara!"

"Naam, Bi Mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Huyo anayeburuta viatu, mtazame mikono, usimtazame mdomo."

Nikamtazama mikono. Bolti zangu mbili zilikuwa kiganjani mwake, zinaelekea mfukoni. Mtu alikuwa amenikalia mbele ya macho sijaona, na bibi aliyekaa ndani ameona kwa masikio. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunishtua. Nikajifariji kwamba ni bahati tu, lakini bahati ile ikajirudia kila wiki.

Alikuwa anajua habari za mtaa mzima. Nani ameoa kwa siri Ilala, duka gani limebadilisha kufuli, mke wa nani amerudi kwao na masanduku mangapi. Ukimwambia, "Bi Mkubwa, si kusengenya huku?" anakujibu: "Mimi sisengenyi. Watu wanaleta habari zimepinda, mimi nazinyoosha." Lakini habari zake mwenyewe ulikuwa huzipati hata kwa kuvunja mlango. Anajua nywele za kila mwanamke wa mtaa zimesukwa vipi, na zake hakuna mwanamume aliyeziona tangu mumewe azikwe.

Mcha Mungu kwelikweli, tasbihi haimtoki mkononi. Ila mpira ukiwa redioni, hiyo tasbihi anaipiga mezani. Nimemsikia akimtukana refa matusi ambayo hata wapakiaji wa bandarini wangeomba yarudiwe taratibu wayaandike. Halafu kimya. Halafu "Astaghfirullah." Halafu, kwa sauti ya chini, "Lakini ile ilikuwa penalti."

Chakula chake kilikuwa hakitoki bila kufunikwa. Visheti, kaimati, mkate wa kumimina, chochote kile kinakuja kwenye sahani ya bluu juu yake kawa la ukindu. Na sahani ya watu hairudi tupu, hilo alinifundisha siku ya kwanza, kabla sijameza. Mimi nina nini cha kuweka? Nikamrudishia sahani ina plagi mbili za pikipiki, mpya, kwenye boksi zake. Nilimsikia akicheka nyuma ya pazia mpaka akakohoa. Plagi moja akaifanya jiwe la kukandamizia pazia lisipeperuke. Iko pale dirishani hadi leo.

Na ilikuwepo Ijumaa. Ijumaa baada ya sala ya mchana, Bi Mkubwa hapatikani. Hata aje mgeni kutoka Maskati, atasubiri kibarazani. Ni saa yake ya kuosha nywele, kuzipaka mafuta, kutandika mkeka uani na kuzianika juani. "Saa yangu na kichwa changu," ndivyo alivyokuwa akiiita. Sisi huku mbele tulipata harufu tu: mafuta ya nazi na asumini, ikipita kwenye korido na kuja kutulia juu ya mabolti yangu yenye grisi. Wateja walikuwa wakiniuliza kama siku hizi nauza na manukato.

Basi, nikapata kiwanja cha nyuma yake, nikajenga.

Nilipochimba msingi alileta kaimati kwa mafundi. Ghorofa ya kwanza, alileta visheti. Ya pili, sahani ilikuja mara moja. Ya tatu na ya nne sikuona kitu. Nikasema moyoni, si mnajua watu wakiona mwenzao anapanda? Wivu huo. Nikamsamehe, maana mkubwa husamehe.

Siku ya kufungua nikagawa miavuli. Siyo miavuli ya mchezo: myekundu, mipana, jina la duka langu limeandikwa kwa njano kuzunguka pande zote. Nikampelekea na yeye wake. Akauliza kutoka nyuma ya pazia:

"Mkubwa kiasi gani?"

Nikaufungua pale kibarazani, ukajaa kibaraza kizima.

"Unanitosha," akasema.

Kuanzia hapo, ukisimama kwenye roshani zangu za nyuma na kutazama chini, unauona mwavuli mwekundu unatembea uani kwa Bi Mkubwa. Jua linawaka, mvua haipo hata kwa dawa, mwavuli unatembea. Unakwenda jikoni, unarudi, unasimama kwenye kamba ya nguo. Mafundi cherehani wa ghorofa ya nne walikuwa wakicheka. "Bosi, bibi yako ameanza kupotea." Mimi nilivimba kichwa. Jina langu linazunguka bure pale chini, kila mpangaji analiona. Tangazo gani tena la kulipia?

Mpaka siku ile ya mgeni. Alikuwa wakala wa forodha, mtu wa pwani, mtu mzima mwenye heshima zake, tumefanya kazi pamoja miaka. Nikampandisha kwa lifti aone nilipofika. Tukatoka kwenye roshani ya ghorofa ya nne, nikamshika bega.

"Tazama pale chini, mzee. Hata bibi wa jirani ananitangazia biashara."

Akasogea, akatazama. Halafu akageuka kama mtu aliyepigwa kibao, akanipa mgongo, mkono juu ya macho.

"Bwana wee, umenileta huku juu kuchungulia ua wa watu?"

"Si mwavuli tu, mzee?"

"Na chini ya mwavuli kuna nani? Na mvua iko wapi?"

Nikatazama mbinguni. Mvua haikuwepo. Nikatazama chini, na safari hii nikatazama kweli. Bi Mkubwa alikuwa anaanika kanga. Mkono mmoja kwenye mwavuli, mmoja kwenye nguo, kibanio mdomoni. Akisogea hatua, anauinamisha mwavuli. Akigeuka, anaugeuza na wenyewe. Haukuwa unafuata jua, ulikuwa unafuata roshani zangu. Jina la duka langu lilikuwa linanitazama usoni moja kwa moja kwa sababu yeye alikuwa ananielekezea. Miezi yote ile nilijivunia kuonekana, kumbe mtu alikuwa anajikinga na mimi.

Jamani. Mimi niliyezoea kushangaza watu nilisimama pale mdomo wazi, mgeni wangu ameupa mgongo mji mzima, na mafundi cherehani nyuma yetu wameacha mashine wanatutazama.

Nikashuka kwa ngazi. Lifti niliisahau.

"Hodi!"

"Karibu. Leo umekumbuka kwamba mlango uko chini?"

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba."

"Ule mwavuli..."

"Mwavuli mzuri. Haupitishi kitu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akasema taratibu, kama anayemsimulia mtoto:

"Zamani hapo kwenye kiwanja chako kulikuwa na mnazi. Mkwezi alikuwa mlevi, mkorofi, na ada ya msikiti alikuwa halipi. Lakini kabla hajaweka mguu kwenye mnazi anapaza sauti, 'Hodi jamani, napanda!' Wanawake wa nyumba zote za chini wanajitanda, wengine wanaingia ndani. Anaangua nazi zake, anashuka, anasema 'Nimeshuka!' Tunarudi kwenye shughuli zetu. Wewe mwanangu umepanda ghorofa nne. Hodi sikuisikia. Na kushuka hushuki."

"Nywele sijazianika tangu uweke bati kwenye ghorofa lako," akasema. "Naoshea bafuni, zinakaukia ndani, kichwa kinaniuma. Kwa hiyo nikwambie kabla hujasikia kwa wengine: Idi ikipita nahamia Mbagala kwa mwanangu. Nyumba bila ua ni chumba cha gesti. Kiwanja si ulikuwa unakitaka? Haya, mwambie mwanangu bei yako."

Hapo ndipo niliposhtuka kuliko vyote. Kiwanja kile nimekiota usiku na mchana. Ningetakiwa kuruka. Badala yake nikajikuta nimeushika ukuta wake na naangalia ile plagi dirishani.

"Nipe mpaka Idi," nikasema. "Nitakuzibia. Nitakupandia miti uani, hakuna atakayeona hata kivuli chako."

"Miti!" akacheka. "Mtu wa bara, unajua miti au unajua mipini?"

Nikaenda kwa wauza miche kando ya barabara. Mimi sinunui kama mtu mdogo, nilitazama majumba ya wakubwa wa Masaki wamepanda nini, nikachukua hicho hicho: miashoki, mirefu, myembamba, imesimama wima kama fimbo. Nikaijaza kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, nikaileta. Alijitanda, akatoka mpaka mlango wa ua, akaitazama.

"Hii miti ya benki. Mimi nimefungua tawi?"

"Inaziba, Bi Mkubwa."

"Inaziba nini? Imejipanga kama askari. Kati ya askari na askari anapita ng'ombe."

Nikairudisha, nikaleta mianzi. Mianzi inaziba, nani atabisha?

"Mizizi itakwenda kwenye shimo la choo kabla haijakwenda kwingine. Na upepo ukivuma itapiga soga usiku kucha, mimi sina nguvu ya kuwajibu. Toa."

Nikaleta bogenvilia, yale maua ya karatasi, zambarau inayowaka. Akagusa tawi, akarudisha mkono haraka.

"Miiba! Kanga zangu nitaanika wapi? Mimi nataka kujisitiri, wewe unataka kunichana?"

Mwisho nikaleta mlangilangi, na hapo nikaona nimempata. Alichukua ua moja, akalisugua, akalinusa muda mrefu macho amefumba. Mama mzazi wake alikuwa na mlangilangi, akasema. Akauliza utafika lini ghorofa ya nne. Nikampigia simu muuza miche, nikaiweka sauti ya juu. Muuza miche akasema, kwa udongo mzuri, miaka kadhaa, inategemea.

"Inategemea umri wangu au wa mti?" akauliza Bi Mkubwa. Akanirudishia ua. "Na hata ukifika, mwanangu, si utakuwa umeniziba na jua? Nitakaa gizani nikaushe nywele kwa taa?"

"Basi unataka nini? Mrefu hutaki, mfupi hutaki!"

Nilipandisha sauti, ndiyo. Kirikuu nje inapigiwa honi, udongo umenichafua shati, na Idi inakuja. Yeye hakupandisha. Alinyoosha kidole juu, kwenye roshani zangu, ambako kichwa cha fundi mmoja kilijificha haraka.

"Macho yako juu, miti unanipandia chini. Ua wangu ulikuwa umesitirika kabla yako. Kilicho wazi ni kwako. Kapande kwako."

Nimejenga, nimepima, nimebishana na mainjinia wenye vyeti, na wazo hilo halikunipitia hata kwa bahati mbaya.

"Kwangu ni zege, Bi Mkubwa."

"Zege umelipandisha mwenyewe, utashindwa kupandisha udongo?"

Hapo alinigusa penyewe. Mtu asiniambie kuna kitu kinashindikana kwenye vyuma. Nikaenda Gerezani, nikachukua mapipa ya oili, nikayakata nusu, nikayachoma moto ndani mpaka oili ikaisha, nikayatoboa, nikayapaka rangi. Nikachomelea vyuma vya kuyashikilia kwenye reli za kila roshani, vyuma ambavyo ungeweza kuning'iniza lori la fuso. Kilichobaki ni kuchagua cha kupanda, na kwa kuwa nilikuwa nimeshajifunza, safari hii nikaenda kuuliza kwanza.

"Mpasheni?" nikasema. "Unakua haraka, unafunga vizuri."

"Una matunda. Mtu akinyoosha mkono kuchuma pasheni, jicho linafuata mkono. Hapana."

"Asumini?"

"Asumini ni ya kunusa. Utaona mtu mzima katikati yake."

"Sasa?"

"Ile yenye miiba."

"Bogenvilia? Si uliikataa hapa hapa!"

"Niliikataa kwangu. Kwenu ndiko inakotakiwa. Mtu akija kuweka kiwiko kwenye reli atazame watu, imjibu."

Nilicheka peke yangu njia nzima mpaka dukani, nikiwa siamini. Mti ule ule, tawi lile lile, chini ni adui na juu ni askari wake.

Miche midogo ilikuwa haitufai kwa sababu ya muda. Nikaipata iliyokomaa kwenye bustani moja Mbezi, mashina mazito kama mkono wangu. Lifti ikagoma kuibeba, tukaipandisha kwa kamba, Kariakoo nzima imesimama kutazama vichaka vinapaa. Mafundi cherehani walikuja juu.

"Bosi, tutashona gizani? Vifungo tutaviweka mgongoni!"

Nikawawekea taa, nikawapunguzia kodi. Mmoja hakukubali, akahama na mashine zake. Aende.

Bi Mkubwa akaongeza sharti la mwisho. Maua yanataka maji, anayemwagilia atasimama relini, kwa hiyo apige hodi kama mkwezi. Asubuhi ya kwanza nikaenda mwenyewe, mwenye jengo, na ndoo mkononi, kwa sababu hakuna mpangaji aliyekubali kuanza. Nikavuta pumzi.

"Hodi jamani, namwagilia!"

Mtaa ukaangua kicheko. Wauza mitumba wa chini wakaitikia, "Karibuuu!" Kutoka kwenye ua ikaja sauti, nzito kidogo, ya kuamrisha:

"Subiri!"

Nikasubiri. Nyuma ya majani yale sikuona kitu, wala sikujaribu.

"Haya, mwaga."

Nikamwaga. "Nimemaliza!" nikasema, na watu wakacheka tena. Sasa kila ghorofa inapiga hodi yake asubuhi, na hakuna anayecheka tena isipokuwa wageni.

Idi ikapita. Mbagala sikuisikia, na sikuthubutu kuuliza. Nikawa napita mbele ya kile kibaraza kuangalia kama kuna masanduku. Halafu Ijumaa moja, mchana umekwisha kupinda, akatuma niitwe.

Kwenye korido harufu ikanipokea kabla yake. Mafuta ya nazi na asumini. Nilisimama. Nilikuwa sijaisikia tangu niweke bati. Akatoka, amejitanda kanga kichwani mpaka kwenye nyusi, akakaa kwenye kiti chake. Tone la maji likatoka chini ya kanga, likashuka shavuni taratibu mpaka kidevuni. Hakulifuta. Nikatazama ukutani mpaka likaanguka.

"Mbagala vipi, Bi Mkubwa?"

"Mbagala kuna joto," akasema, kama Kariakoo ni Lushoto kwenye baridi.

Akainuka, akanipa mwavuli wangu, umekunjwa na kufungwa kwa kipande cha kanga.

"Chukua tangazo lako. Limefifia, litakuharibia biashara."

Na kwa mkono mwingine sahani ya bluu, imefunikwa kawa. Sikuwa nimeishika sahani ile tangu ghorofa ya pili. Nikaipokea kwa mikono miwili, mwavuli nimeubana kwapani.

"Ni visheti, siyo bomu," akasema. "Na kurudisha, usiniletee plagi."

Jioni ile nikanunua karanga za mia tano kwa kijana wa kona, nikazimimina kwenye sahani, nikafunika kawa, nikairudisha. Kisha nikakaa ofisini nikajumlisha: mashina ya bogenvilia, udongo, vyuma, rangi, kamba na wabebaji, miashoki niliyorudisha nusu bei, taa za mafundi, kodi niliyopunguza na ya yule aliyehama. Nikarudia mara ya pili, maana sikuamini kwamba mtu kama mimi amelipa fedha zote hizo ili asione. Ikaja milioni tisa, laki nne, elfu sitini na saba. Na karanga, milioni tisa, laki nne, elfu sitini na saba na mia tano.